Kilango Kinachochelewa Kufunga

Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa saba, saa tisa na dakika ishirini alasiri, mke wa fundi alikuwa amesimama sebuleni anakunja mashuka. Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu atolewe bandama. Kidonda kilikuwa kimefunga, nyuzi zimetolewa, na asubuhi ile alikuwa ameanza tena kumsema mumewe kwa soksi anazozitupa chini ya kitanda, jambo ambalo nyumba nzima ililichukua kuwa dalili ya kupona. Akakunja shuka la kwanza. Akakunja la pili. La tatu akalikumbatia kifuani, akasema, "Mbona pumzi haishuki?" kisha akakaa sakafuni taratibu, kama mtu aliyekaribishwa. Kabla gari halijapatikana alikuwa ameshakwenda zake.

Kuanzia hapo fundi alibaki na maneno mawili mdomoni: wakubwa wale. Wakubwa wale ndio waliosema bandama ya mkewe imevimba, inakula damu, ikitolewa atakuwa mzima kama kigori. Wakubwa wale ndio waliompa mkono baada ya upasuaji wakamwambia hongera. Na alipokwenda kuwauliza hongera ile ilikuwa ya nini, wakubwa wale walikuwa kikaoni.

Pale karakana ya idara ya maji, ambako kwa miaka thelathini na moja alikuwa akifungua vali na kuzirudishia uhai, wenzake walimpa jina la Mzee Lawama. Hakulikataa.

"Mzee Lawama, chai imepoa leo," mtu akimchokoza.

"Kawaulize walioko ghorofani. Yao haipoi."

Shule aliiacha darasa la nne, ila bomba alilisoma mpaka chuo kikuu. Alikuwa akigonga bomba kwa bisibisi, anategesha sikio, anakwambia presha imekatikia wapi. Barua za serikali ndizo zilizomshinda. Hata hivyo karatasi zote za mkewe alizihifadhi ndani ya bati la biskuti: risiti, vyeti, karatasi ya ruhusa, ripoti ya mwisho yenye mwandiko kama nyayo za kuku. Hakuwa amezisoma akazielewa. Alikuwa anazitunzia hakimu. Hakimu yupi, siku gani, hilo hakulijua, lakini bati lilikuwa tayari.

Miaka sita ikapita hivyo. Binti yao, wa pekee, akafika miaka ishirini na nne, akawa mshona kola katika kiwanda cha mashati. Halafu macho yake yakaanza kugeuka manjano.

Baba mtu aliyaona akanyamaza. Kuna mambo mtu huyaona akajifanya haoni, akidhani yatajiondokea kwa aibu. Binti naye hakusema. Alikwenda hospitali kimyakimya, ile ile ya mama yake kwa kuwa nyingine hakuna, na Jumatatu moja mezani akalitua jambo lenyewe.

"Baba, nimepangiwa Ijumaa."

"Umepangiwa nini?"

"Kutolewa bandama."

Fundi aliweka kijiko chini. Alikiweka polepole sana, kama kingevunjika.

"Wamemmaliza mama, sasa wanamrudia binti. Wana orodha, siyo?"

"Baba, nimechoka. Ngazi za kiwandani ni ghorofa mbili tu, nazipanda kama nimebeba friji mgongoni. Msimamizi anadhani ninatega."

"Mama yako naye alikuwa amechoka."

"Nisikilize basi! Daktari amesema seli zangu za damu ni dhaifu, bandama inazila. Ikitoka, nitapona. Wewe ukiona koti jeupe unaona jeneza."

"Jeneza nililiona, mwanangu. Koti jeupe ndilo lililotangulia."

Binti alifuta macho kwa kiganja, akaenda chumbani, akarudi na fomu. Kulikuwa na sehemu ya mzazi kujaza: magonjwa ya ukoo, vifo vya ukoo. "Angalau hii nijazie. Usiponijazia wewe, nani? Mimi wakati ule nilikuwa shule ya bweni, sikuambiwa hata nusu."

Hapo ndipo fundi alipofanya kosa ambalo lingeweza kumwachia bati la pili. Penye mstari wa chanzo cha kifo cha mama mzazi, alibana kalamu kama anayebana nati, akaandika kwa herufi kubwa: WAULIZENI WAKUBWA WENU. Akaikunja fomu, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa mate. Asubuhi yake binti akaifikisha kama ilivyo, hakuifungua. Moyoni fundi aliona amewapata. Ile ndiyo raha ya mnyonge: kumtukana mkubwa kwa maandishi.

Alhamisi binti alilazwa wadi ya upasuaji. Walimtoa damu ya vipimo vya mwisho, wakampa kanzu ya hospitali iliyofungwa kwa nyuma. Fundi alikaa kwenye benchi la ukumbini na bati lake mapajani. Muuguzi mmoja alimuuliza kama ameleta chakula cha mgonjwa. Akajibu, "Nimeleta ushahidi." Muuguzi akapita zake upesi.

Mbona hakuwaonyesha basi? Kwa hesabu yake, ushahidi huonyeshwa hakimu. Mshtakiwa haonyeshwi, ataula.

Ilipata saa saba na nusu mchana, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba na koti lenye doa la wino mfukoni alitokea mwisho wa ukumbi, ameshika fomu juu juu kama mtu anayetafuta mwenye nguo iliyoanguka kambani.

"Nani hapa ameandika 'Waulizeni wakubwa wenu'?"

Watu walitazamana. Fundi akajinyoosha mgongo. "Mimi."

"Vizuri. Nimekuja kuuliza. Mimi si mkubwa, lakini wakubwa wako kikaoni."

Jibu hilo lilimkata makali kidogo, maana ndilo ambalo angelisema yeye. Yule mwanamke alikuwa fundi wa maabara, amebakiza miezi mitatu kustaafu. Hospitali nzima ilimwita Bi Chumvi, na sababu ya jina fundi aliiona dakika chache baadaye.

"Mzee wangu, mama wa huyu binti alikufa kwa nini?"

"Sema wewe uliyesoma."

"Faili lake halionekani. Wakati wa kuhamia kompyuta, mafaili mengi yaliliwa na panya, mengine yaliliwa na watu. Nakuuliza wewe."

"Sina cha kuwaambia."

Bi Chumvi alivua miwani. "Sikiliza, baba. Leo sina muda wa kugombana na wewe. Nikistaafu nitakuja nyumbani tugombane vizuri, uniwekee na kiti. Sasa hivi njoo uone damu ya mwanao."

Akamfuata. Hakujua kwa nini; labda kwa vile hakuna aliyewahi kumwita aingie ndani. Siku zote aliishia dirishani.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti. Kwenye kona ilikaa mashine kubwa ikinguruma. Mbali nayo, kwenye meza ya mbao iliyochubuka, kulikuwa na vibao viwili vyenye mirija ya kioo iliyosimama kwa mstari, kumi na miwili kila kibao.

"Haya ni maji ya chumvi," alisema Bi Chumvi. "Mrija wa kwanza chumvi ni sawa na ya damu. Kila unavyokwenda kulia, chumvi inapungua. Seli ya damu ukiitia kwenye maji yenye chumvi kidogo, inakunywa, inavimba, mwisho inapasuka, na maji yote yanakuwa mekundu. Kibao cha juu ni damu yangu mimi. Ona, mrija wa saba umeanza kuwa mwekundu."

"Naona."

"Cha chini ni cha mwanao. Daktari anaamini ana ugonjwa wa seli dhaifu. Zingekuwa dhaifu, zingepasuka kabla ya zangu, kwenye wa nne au wa tano. Nionyeshe ulipo wekundu."

Fundi aliinama. Mrija wa tano, maji meupe, damu imetulia chini. Wa saba vilevile. Wa nane. Mpaka wa kumi ndipo rangi ilipoanza kupanda.

"Hazipasuki," alisema.

"Hazipasuki. Kuna magonjwa mawili yanafanana kama mapacha: macho ya manjano, damu ndogo, bandama kubwa. Hata mashine ile inayachanganya. Pacha mmoja ukimtoa bandama anapona. Pacha wa pili…" Akaigonga mirija ya chini kwa ukucha. "Ndiyo maana nimekuuliza mama yake alikufaje."

Fundi alihisi bati limekuwa zito mikononi. "Kipimo hiki," alisema pole pole, "kwa mke wangu kilifanyika?"

Hapo Bi Chumvi hakuharakisha. Alivuta stuli akakaa, akaiweka miwani mezani.

"Miaka saba iliyopita lilishuka agizo kutoka juu: vipimo vya mkono basi, mashine inatosha. Mwaka wa kwanza nilitii. Mkeo alipita mwaka huo. Baadaye roho ilinisuta kwa mgonjwa mwingine, nikaanza tena, bila ruhusa, kwa kila anayekwenda kutolewa bandama. Wakiniuliza nasema nanyoosha vidole. Lakini mkeo alinipita." Akamtazama usoni. "Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, mzee wangu. Guu likavunjika la mtu mwingine."

Miaka sita fundi alikuwa ametafuta mtu mmoja wa kusema hivyo. Alikuwa amemwandalia matusi, ameyapanga, ameyanoa. Na sasa mtu mwenyewe yuko mbele yake na doa la wino mfukoni, na matusi hayaji. Kilichokuja ni kitu kingine, hata hakukitarajia.

"Mimi niliwahi kutoa kichujio," alisema.

"Kichujio gani?"

"Kwenye nyumba ya pampu. Maji yalikuwa hayapandi juu kwenye maghorofa. Nikafungua, nikakuta kichujio kimejaa mchanga. Bosi akasema kitoe, kinaziba. Nikakitoa. Maji yakapanda, wapangaji wakanipigia makofi. Wiki ya tatu pampu ikasaga mchanga ikafa. Nilijua kabisa mchanga haukutoka kwenye kichujio, kilikuwa kinaukamata tu. Lakini bosi amesema, na mimi nani?"

Bi Chumvi alichukua miwani yake mezani akaivaa. "Nimefundisha wanafunzi miaka ishirini," alisema, "hakuna aliyenieleza bandama vizuri hivyo."

Fundi akafungua bati.

Walizitandaza karatasi mezani, kando ya mirija. Bi Chumvi alizipitia kwa kidole. Alipofika kwenye ripoti ya uchunguzi wa maiti, ile ya nyayo za kuku, kidole kilisimama. "Damu iliyoganda, mishipa ya mapafu, pande zote mbili," alisoma. Kwenye karatasi nyingine akakuta macho ya manjano tangu utotoni. Kwenye nyingine, mjomba wa marehemu naye alikuwa hivyo. Akawa tayari amesimama.

"Twende. Kikao kinaisha saa tisa."

Njiani, wakipanda ngazi, fundi alimshika kiwiko. "Nieleze kwanza. Nisiingie kwa wakubwa kama bubu. Hiyo damu ina nini?"

Bi Chumvi alisimama kwenye ngazi ya kati, akahema. "Seli ya damu ni pana kuliko baadhi ya vijia inavyopita. Inabidi ijiminye kama mtu mnene kwenye mlango wa choo. Sasa, ukutani mwake ina vilango vidogo mno, vimetengenezwa kwa protini. Wataalamu wanaviita Piezo. Kazi yake ni kuhisi kubanwa. Seli ikibanwa, kilango kinafunguka kufumba na kufumbua, chembe za kalsiamu zinaingia, kinafunga."

"Kama vali ya usalama."

"Kama vali ya usalama. Kwa watu wa ukoo wa mkeo nadhani kinachelewa kufunga. Kidogo tu, huwezi kukihesabu. Lakini damu inazunguka mwili mzima kila dakika. Kalsiamu ikizidi ndani, inafungulia mlango mwingine, chumvi ya seli inatoka, maji yanaifuata chumvi. Seli inakauka kama zabibu. Ndiyo maana haipasuki kwenye mirija yangu, ina nafasi kubwa ya kunywa. Bandama inazikamata hizo kavu. Ukiitoa, zinabaki zikizunguka, na wagonjwa wa namna hii damu yao huganda vibaya. Sababu zote hatuzijui. Ila tunajua huganda."

"Springi imelegea," alisema fundi.

"Springi imelegea. Twende, mzee."

Mpasuaji alitoka kikaoni na kikombe mkononi, mtu mrefu mwenye usingizi wa siku nyingi machoni. Alipomwona Bi Chumvi akatabasamu kwa uchovu. "Mirija tena?"

"Mirija tena. Na karatasi."

"Mgonjwa wa kesho ana kila dalili. Mashine…"

"Mashine haikumjua mama yake," fundi alidakia. "Mimi namjua. Mlimtoa kichujio akafa siku ya kumi na tisa."

Mpasuaji akaipokea ripoti. Aliisoma amesimama. Akairudia. Akaenda maabara mwenyewe, akainama mbele ya mirija kama fundi alivyoinama, kikombe kikapoa pembeni. Kisha akarudi wadini, penye ubao wa orodha ya kesho, akafuta mstari mmoja kwa kiganja. Damu, akasema, itapelekwa maabara kubwa wakasome chembe za urithi. Mpaka majibu yarudi, hakuna kisu.

"Ahsante kwa kutunza karatasi hizi," alimwambia fundi. "Sisi faili tulilipoteza."

"Mlipoteza na mtu."

"Ndiyo," alisema mpasuaji. Hakuongeza kitu, na fundi akaona kwamba hilo lilikuwa gumu kulisema kuliko hotuba.

Kazi ngumu ilibaki kwa binti.

"Kwa hiyo nabaki hivi hivi?" Alikuwa amekaa kitandani na kanzu yake ya mgongo wazi, hasira imempa rangi kidogo. "Nimejiandaa wiki nzima! Nimeshaagana na watu!"

Bi Chumvi alimwuliza anakunywa dawa gani. Akavuta kichupa mkobani: vidonge vya madini ya chuma, kila siku kwa miaka miwili, alivyoandikiwa kwa kuwa damu ni ndogo.

"Leo ndiyo mwisho. Watu wa damu kama hii chuma kinajirundika mwilini chenyewe, kinaharibu ini. Huenda sehemu ya uchovu wako inatoka humu kwenye kichupa. Tutapima, tukikuta kimezidi tutakitoa. Utapewa vidonge vingine vidogo vya kusaidia mwili kutengeneza damu. Na tutaangalia nyongo isifanye mawe. Hutapona kwa siku moja, mama. Lakini ugonjwa huu watu wanaishi nao mpaka wanachosha wajukuu."

Binti alikiweka kichupa kando ya kitanda. Kisha akamgeukia baba yake. "Na kwa nini haya yote yanajulikana leo? Si nilipeleka fomu Jumanne?"

Fundi aliyatazama mashuka. Angeweza kusema wakubwa. Neno lilikuwa pale pale, limezoea njia.

"Sikuijaza," alisema. "Niliandika matusi. Nilitaka kuwapiga wao, mkono ukakupitia wewe. Nisamehe, mwanangu."

Binti alimkazia macho. "Uliandika nini hasa?"

Akamwambia. Binti akajaribu kukasirika, akashindwa katikati, kicheko kikamponyoka puani, na kicheko kikageuka kilio, na fundi akamshika kichwa akakiweka begani, hapo hapo mbele ya wagonjwa wengine watano waliojifanya wamelala.

Majibu yalichukua wiki kumi. Yalithibitisha: kilango kile kile, kosa la herufi moja katika maagizo ya kukitengeneza. Kufikia hapo binti alikuwa anapanda ghorofa zake mbili kwa kupumzika mara moja badala ya mara tatu. Chuma kilikutwa kimezidi, wakawa wanampunguza damu kidogo kidogo, naye analalamika kwamba anaibiwa huku anatazama. Mpasuaji alitoa agizo la maandishi kwamba hakuna bandama itakayotolewa bila mirija kumi na miwili, na wasichana wawili wa maabara walikaa siku nzima na Bi Chumvi kujifunza kuipanga. Agizo hilo lilitoka juu. Fundi aliulizwa karakana kama amelisikia, akasema, "Kwa mara ya kwanza nimesikia la wakubwa likanifaa."

Wiki ya mwisho ya Bi Chumvi kazini, fundi na binti walikwenda kumuaga. Walimkuta anaosha vyombo vyake. Fundi hakuwa na zawadi. Alikuwa na swali lililomkosesha raha siku tatu.

"Vilango hivi viko kwenye damu tu?"

"Ah, wapi. Viko kwenye kuta za mishipa, vinaiambia mishipa damu inapita kwa nguvu gani. Viko kwenye kibofu. Ndugu zake viko kwenye ngozi, ndivyo vinavyokujulisha nimekugusa. Na vikikosea, kila mahali kuna ugonjwa wake."

"Kwa hiyo dawa ya kuviziba…"

"Ingeviziba na vilivyo vizima. Wapo wanaohangaika nayo huko kwenye maabara zao. Mbaya zaidi, kingine kinachelewa kufunga, kingine hakifunguki."

Fundi alikuna kidevu. Mikono yake ilikuwa imeanza kuzungusha kitu hewani, kitu kidogo, kwa vidole viwili, namna anayopima springi mpya.

"Vali mbovu moja haifungiwi maji ya mji mzima," alisema. "Mtu anaingia na bisibisi yake pale pale penye ubovu, anakaza robo mzunguko, anatoka. Sasa ninyi, mama, hicho kilango cha mwanangu, ndani ya seli ya damu, bila kugusa vilango vingine vyote vinavyofanya kazi yake sawasawa, mtu atakikazaje?"